Uzi: Tunampimaje mkurugenzi wa skauti kwa rekodi yake ya drafti? Tumchukue Eddie Bane na Angels, 2004–2010

Mpigo_Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila drafti ya beisiboli ya Marekani ikikaribia (klabu za ligi kuu zinapokezana kuchagua vijana wa sekondari na vyuo, kila moja kwa zamu yake), watu wanamsifu au kumponda mkurugenzi wa skauti, yaani mkuu wa wasaka vipaji wa klabu, kwa jina moja tu. Huyu alimchukua nyota Mike Trout, basi ni mkali. Yule alimpita Trout, basi hafai. Kwa mtindo huo hatumpimi mtu, tunachagua jina linalotupendeza.

Napendekeza tumpime mmoja kwa utulivu, na nimemchagua Eddie Bane, aliyesimamia drafti za Los Angeles Angels kuanzia 2004 hadi 2010. Miaka imeshapita ya kutosha, hivyo karibu kila aliyemchagua ameonyesha alichokuwa nacho. Halafu klabu iliachana naye baada ya msimu wa 2010, na Trout akacheza mechi yake ya kwanza ligi kuu tarehe 8 Julai 2011. Maana yake walimhukumu kabla mavuno hayajafika ghalani.

Kazi naiona hivi. Kwanza andika kila aliyechaguliwa na akasaini. Asiyesaini hakuiletea klabu mchezaji, kwa hiyo anakaa kwenye karatasi yake. Pili, mbele ya kila jina weka WAR, yaani ushindi anaoiongezea timu ukimlinganisha na mchezaji wa kuokotwa ligi ndogo. Lakini chukua miaka 6 ya kwanza ya utumishi tu. Miaka hiyo 6 ndiyo klabu inayoipata kwa zamu yake ya drafti. Ikiisha, mchezaji yuko huru na kila klabu inaweza kumnunua. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu, kwa hiyo msihesabu kwa kalenda, hesabuni kwa utumishi.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaharibu, linganisha na namba ya zamu, yaani aliitwa wa ngapi kwenye drafti nzima. Kumpata mchezaji wa maana kwenye zamu ya 3 ndiyo kazi uliyoajiriwa. Kumpata kwenye zamu ya 80 ni kitu kingine kabisa.

Takwimu_Safi

Mkuu, niongezee kwenye hiyo ya tatu, maana bila kiwango cha kulinganishia hesabu yote inaelea.

Kwa zamu ya 25, kusanya wote waliochaguliwa kuanzia zamu ya 20 hadi ya 30 kwenye drafti kama 15 za nyuma. Tumia drafti zilizotangulia zama za Bane, mfano 1989 hadi 2003, ili Trout mwenyewe asiingie kwenye kiwango anachopimwa nacho. Kila ambaye hakufika ligi kuu mwandikie sifuri, usimfute. Ukiwafuta, kiwango kinapanda na kila mkurugenzi ataonekana dhaifu.

Mwenye WAR hasi je? Mimi namwandikia sifuri. Klabu ilikuwa na uhuru wa kumrudisha ligi ndogo siku yoyote, hivyo hasara ya kuendelea kumchezesha ni ya meneja mkuu na kocha. Skauti haimhusu.

Kisha toa namba mbili, wastani na mediani (namba ya katikati ukiwapanga wote). Mwishoni mwa raundi ya kwanza (raundi ni mzunguko mmoja wa klabu zote kuchagua) mediani iko karibu kabisa na sifuri, wakati wastani unavutwa juu na nyota wachache. Ukipeleka wastani peke yake, msomaji ataamini kila zamu ya 25 inapaswa kutoa mchezaji wa kuanza mechi kila siku, na haiko hivyo hata kidogo. Ndiyo maana naongeza safu ya tatu: asilimia ya waliofikisha WAR 6 ndani ya miaka 6. Hicho ni kizingiti changu tu, lakini kinatenganisha mchezaji halisi na aliyepita njia.

MwanaLindi

Naomba tusikimbilie Trout. Kwa Bane mimi naanzia kwenye zamu ambazo hakuwa nazo.

Enzi hizo, ukimsaini mchezaji huru wa daraja la juu, klabu yake ya zamani ilichukua zamu yako ya raundi ya kwanza. Angels walikuwa wananunua karibu kila mwaka. Baada ya 2004 walimsaini Orlando Cabrera, zamu yao ya 23 ya 2005 ikaenda Boston, na Boston wakamchukua Jacoby Ellsbury. Wakamsaini Gary Matthews Jr., zamu ya 24 ya 2007 ikaenda Texas. Wakamsaini Torii Hunter, zamu ya 27 ya 2008 ikaenda Minnesota. Hata 2009, mwaka ule unaosifiwa, zamu yao wenyewe ya 32 ilikwenda Colorado kwa ajili ya Brian Fuentes.

Mwaka 2007 jina la kwanza la Bane liliitwa kwenye zamu ya 58, na mwaka 2008 alisubiri mpaka ya 74, raundi ya pili, akamchukua Tyler Chatwood, mrushaji aliyekuja kudumu miaka mingi ligi kuu. Sasa mtu akijumlisha WAR zote za Angels 2005 hadi 2008 na kuziweka kando ya klabu iliyochagua zamu ya 5 kila mwaka, anampima mmiliki na meneja mkuu. Waliouza zamu ni wao.

Kwa hiyo usijumlishe tu. Kwa kila mwaka andika zamu alizokuwa nazo kweli, jumlisha matarajio ya zamu hizo, ndipo utoe tofauti.

Glavu_ya_Kushoto

Hapo umenena, dada. Nami nilete upande wa pesa, kwa sababu namba ya raundi inaweza kukudanganya vibaya.

Angalia 2004. Jered Weaver alikuwa miongoni mwa warushaji bora kabisa wa vyuo mwaka ule. Akashuka hadi zamu ya 12 kwa sababu wakala wake, Scott Boras, alitaka pesa nyingi. Angels wakamchukua na mazungumzo yakavutwa karibu mwaka mzima, hadi wiki moja hivi kabla ya drafti ya 2005, akasaini kwa dola milioni 4. WAR yake ya maisha ilizidi 30. Jicho la skauti limo humo, lakini mfuko wa mmiliki Arte Moreno umo vilevile.

Mwaka huohuo raundi ya 14 wakamchukua Nick Adenhart, raundi ya 18 Mark Trumbo. Mtu akiona raundi ya 18 atasema, huyu ameokotwa! Hapana. Trumbo alilipwa bonasi ya kusaini iliyozidi dola milioni 1, pesa ya mchezaji wa raundi ya kwanza. Adenhart alikuwa ametajwa kama kipaji cha juu cha shule za sekondari, akaumia kiwiko na kufanyiwa upasuaji wa kano, ndipo akashuka.

Nachofanya mimi: kabla ya drafti ya 2012, kila mchezaji mpange kwa bonasi, achana na raundi. Tafuta zamu ambayo mwaka ule ililipa bonasi kama yake, mpe matarajio ya zamu hiyo. Trumbo hapo anatoka raundi ya 18 na kuingia kwenye kundi la raundi ya kwanza, na ule "muujiza" unakuwa chaguo zuri la kawaida. Peter Bourjos wa raundi ya 10 ya 2005 na Jordan Walden wa raundi ya 12 ya 2006 nao wapitishwe kwenye chekeche hilohilo kabla hujawapigia makofi.

Mgeni_wa_Diamondi

Samahani wakuu, naomba kuuliza. Wale vijana wa Uganda waliosainiwa na Dodgers wanaingia kwenye rekodi ya mkurugenzi wa drafti?

Takwimu_Safi

Hapana, ndugu. Drafti inahusu wachezaji wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Ben Serunkuma na Umar Male walisainiwa na Dodgers mwaka 2022 kama wachezaji huru wa kimataifa, na sehemu hiyo kwa kawaida ina bajeti yake na mkurugenzi wake. Ndivyo hata Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alivyoingia: Pittsburgh walimsaini 2008 nje ya drafti, na mwaka 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu.

Lakini umegusa jambo la maana. Ukisoma kwamba mtu fulani "alijenga kikosi", toa kwanza walioingia kwa njia ya kimataifa, ndipo umpe mkurugenzi wa drafti kilicho chake.

Mpigo_Mrefu

Sasa twende 2009.

Angels walikuwa wamewapoteza Francisco Rodriguez kwenda Mets na Mark Teixeira kwenda Yankees, wakalipwa zamu za fidia. Zamu ya 24 wakamchukua Randal Grichuk, ya 25 Mike Trout, ya 40 Tyler Skaggs, ya 42 Garrett Richards, na raundi ya pili, zamu ya 80, Patrick Corbin. Wote watano walifika ligi kuu na wote walicheza miaka kadhaa. Corbin amewahi kuwa nyota wa timu ya wateule. Trout alichukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu, 2014, 2016 na 2019, na WAR yake ya maisha imepita 80. Mwaka wa 2012 peke yake, akiwa na miaka 20, alipita 10.

Hata ukimfuta Trout, zamu za 24, 40, 42 na 80 zilizotoa wachezaji wanne wa ligi kuu zimezidi matarajio yake kwa mbali. Kwangu hilo ndilo linalomsimamisha Bane. Trout anakuja juu yake.

Benchi_la_Tatu

Mkuu, nikupinge kidogo. Kama Bane alijua Trout ni nani, mbona alianza na Grichuk? Hiyo 24 kabla ya 25 inanionyesha hata wao hawakujua.

MwanaLindi

Ndugu, zamu mbili zinazofuatana za klabu moja hazina mpinzani katikati. Ukitaja Grichuk kwanza au Trout kwanza, wote wawili ni wako, hakuna anayeweza kukunyang'anya. Mpangilio huo hauthibitishi alimwona yupi bora, wala haukanushi. Swali lenye uzito ni la waliochagua kabla yao. Washington walikuwa na zamu ya 1 na ya 10, wakamchukua Stephen Strasburg na Drew Storen. Arizona walikuwa na ya 16 na ya 17 zikifuatana. Wote hao walipochagua, Trout alikuwa bado mezani.

Sababu za kushuka kwake zinafahamika pia. Alisoma Millville, New Jersey. Kule baridi inachelewa kuisha, mechi ni chache, warushaji anaokutana nao ni dhaifu, na skauti akipanda ndege anaweza kukuta mvua akarudi bila kuona hata mzunguko mmoja wa kupiga. Skauti wa eneo wa Angels, Greg Morhardt, alikuwa anaijua familia. Alicheza na baba yake Trout kwenye timu za ligi ndogo za Minnesota. Aliandika ripoti ya juu sana na akaisimamia.

Tuuangalie mnyororo basi. Skauti wa eneo anaandika, mkaguzi wa kanda anapitia, mkaguzi wa taifa anapitia tena, mkurugenzi anapanga ubao, yaani orodha ya nani aitwe kabla ya nani. Sifa ya Bane kwa Trout si kwamba alimgundua. Sifa yake ni kuamini ripoti ya mtu mmoja wa kaskazini mashariki na kuipandisha ubaoni wakati klabu nyingine zilizopokea ripoti nzuri ziliishusha. Hiyo ndiyo kazi ya mkurugenzi hasa, na hapo ndipo apewe alama.

Glavu_ya_Kushoto

Nakazia hapo. Ripoti zinaandikwa kwa kipimo cha 20 hadi 80, na 50 ni wastani wa ligi kuu. Mbio zinapimwa kwa saa: mpigaji wa kulia akifika besi ya kwanza kwa sekunde 4.3 ni 50, akifika 4.0 yuko kileleni kabisa. Namba hiyo haijali mrushaji ni dhaifu au mkali, na haibadiliki kwa sababu ya New Jersey. Kinachobishaniwa ni kipaji cha kupiga, na kwa mtoto anayekutana na mipira ya maili 80 kwa saa ni kazi ngumu kukisoma. Ukiwa mkurugenzi, hapo ndipo unapowalipia wakaguzi wako.

Benchi_la_Tatu

Sawa, nimeelewa. Lakini basi 2010 muitazame kwa jicho lilelile. Majina matano ndani ya zamu 40 za kwanza: Kaleb Cowart ya 18, Cam Bedrosian ya 29, Chevez Clarke ya 30, Taylor Lindsey ya 37, Ryan Bolden ya 40. Clarke, Lindsey na Bolden hawakufika ligi kuu hata siku moja. Cowart alifika, kupiga kukamshinda. Bedrosian alipata msimu mmoja mzuri sana wa 2016 kama mrushaji wa kuingia baadaye, na mingine ya kawaida. Hiyo ilikuwa nafasi ya dhahabu, zamu nyingi na pesa ipo.

Takwimu_Safi

Ni kweli na isifichwe. Kwenye karatasi yangu 2010 ndani ya zamu 40 za kwanza iko chini ya matarajio. Kilichouokoa mwaka ni raundi ya 8, Kole Calhoun kutoka Arizona State, mchezaji wa mwaka wa mwisho wa chuo ambaye hakuwa na nguvu ya kudai pesa. Alikuja kuwa mchezaji wa kila siku uwanja wa kulia, akachukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, 2015. Huyo, tofauti na Trumbo, alikuwa wa bei ya chini kweli, kwa hiyo matarajio yake ni yale ya raundi ya 8, karibu na sifuri.

Tahadhari moja ya takwimu. Drafti ilikuwa na raundi 50 wakati ule. Miaka 7 inakupa majina zaidi ya 300, unaweza kudhani sampuli ni kubwa. Sivyo. Thamani yote inatoka kwa watu wasiozidi 10 au 12. Mmoja akiongezeka au akipungua, daraja linapinduka. Jaribio langu ni kumwondolea kila mkurugenzi mchezaji wake bora kisha kuwapanga upya. Mwondolee Bane Trout, mwondolee Damon Oppenheimer wa Yankees Aaron Judge aliyemchukua zamu ya 32 mwaka 2013, na hivyohivyo kwa kila mmoja. Ukimwondolea Bane peke yake umemwonea.

Mrushaji_Mtulivu

Naingia na jambo la waliofariki, kwa heshima. Nick Adenhart alifariki 9 Aprili 2009, saa chache baada ya kurusha ininga (vipindi vya mechi) 6 bila kuruhusu pointi. Gari alilopanda liligongwa na dereva mlevi. Alikuwa na miaka 22. Ukimwandikia karibu na sifuri kwenye safu ya thamani, unaandika kwamba skauti alikosea, na hilo si kweli. Mimi namwondoa pande zote mbili, kwenye thamani na kwenye matarajio. Tyler Skaggs alifariki Julai 2019, miaka yake mingi ya mwanzo ilikuwa imeshahesabika, kwa hiyo anabaki na alichokuwa amekifanya.

Skaggs na Corbin wanaleta suala jingine. Julai 2010 Angels waliwatoa Joe Saunders, Corbin, Rafael Rodriguez na mmoja wa kutajwa baadaye, wakampata Dan Haren kutoka Arizona. Yule wa kutajwa baadaye alikuwa Skaggs. Sheria ya wakati ule ilizuia kumbadilisha mchezaji wa drafti kabla ya mwaka kupita tangu asaini, na yeye alikuwa amesaini Agosti 2009. Miaka mizuri ya kwanza ya Corbin ikatumika Arizona.

Kwa hiyo fungua vitabu viwili. Cha skauti kinampa Bane thamani yote ya Corbin, popote alipocheza. Cha klabu kinaandika Haren. Mkivichanganya mtamlaumu skauti kwa uamuzi wa meneja mkuu, au mtamsifu kwa Haren ambaye hakumchagua.

Mgeni_wa_Diamondi

Nashukuru, naelewa zaidi sasa. Na wasiosaini? Nimeona jina la Buster Posey kwenye orodha ya Angels ya 2005.

MwanaLindi

Ndiyo, walimwita raundi ya 50, akaenda Florida State. Mwaka huohuo raundi ya 4 walimwita Brian Matusz, akaenda chuo, na 2008 Baltimore wakamchukua zamu ya 4. Mwaka 2007 raundi ya 3 walimwita Matt Harvey, naye akaenda chuo, 2010 Mets wakamchukua zamu ya 7.

Posey msimpe uzito. Raundi ya 50 jina linaitwa bila nia ya kweli ya kulipa. Matusz na Harvey ni tofauti, maana hizo ni zamu za thamani zilizotumika bila klabu kupata mchezaji. Jicho lilikuwa sahihi, makadirio ya bei hayakuwa sahihi, na kukadiria bei ni kazi ya idara ileile ya skauti. Hao, tofauti na alivyopendekeza mkuu mwanzoni, mimi nawaweka kwenye karatasi kuu na thamani sifuri huku matarajio ya zamu yakibaki palepale.

Mpigo_Mrefu

Nataka pia tuweke mpaka wa zama. Kuanzia 2012 kila klabu ina mfuko wa bonasi uliowekewa ukomo, na kila zamu ya raundi 10 za kwanza ina bei yake. Ukizidisha mfuko hadi asilimia 5 unatozwa kodi ya asilimia 75 ya ulichozidisha. Ukipita hapo unaanza kupoteza zamu za raundi ya kwanza. Mchezaji wa raundi hizo asiposaini, bei ya zamu yake inatoka kwenye mfuko wako.

Ujuzi wenyewe ukabadilika. Houston mwaka huohuo wa 2012 walimchukua Carlos Correa zamu ya 1 kwa dola milioni 4.8, wakati bei ya zamu ilikuwa milioni 7.2. Kilichobaki kikamlipa Lance McCullers Jr., zamu ya 41, dola milioni 2.5. Ukimpima McCullers kwa matarajio ya zamu ya 41 unakosea, na ukimpima kwa bonasi yake peke yake unasahau kwamba pesa hiyo ilitengenezwa kwa kumpata Correa chini ya bei. Kwa drafti za kuanzia 2012 pima darasa zima dhidi ya mfuko mzima, jina kwa jina hakukupi picha. Bane hakufanya kazi chini ya sheria hiyo, kwa hiyo msimpange jedwali moja na wa leo.

Benchi_la_Tatu

Basi hukumu yako ni ipi, mkuu?

Mpigo_Mrefu

Juu ya wastani wa zama zake, bila shaka kwangu, na nasema hivyo nikiwa nimemwondoa Trout. 2004 na 2009 ziko juu sana, ingawa 2004 anagawana na mfuko wa Moreno. 2005 hadi 2008 ni za kawaida kwa zamu chache alizopewa. 2010 ni mbaya hapo juu, Calhoun kaipunguzia ubaya. Kumwachisha kazi mwaka 2010 klabu haikuwa na ushahidi wa kutosha; darasa la 2009 lilikuwa bado liko ligi ndogo. Drafti ya wanafunzi wa sekondari isihukumiwe kabla ya miaka 6 au 7 kupita.

Atakayeanza karatasi yake leo, safu ni hizi: mwaka, zamu, jina, sekondari au chuo, bonasi, alisaini au hakusaini, WAR ya miaka 6, matarajio ya zamu, matarajio ya bonasi, na alikochezea. Anza na 2006, ni mwaka mfupi. Jina la kwanza ni Hank Conger, zamu ya 25, mdakaji wa sekondari. Ukimaliza ibandike hapa tuipitie pamoja.